Gari la Abti Linashuka Vizuri Sana

Alhamisi, baada ya Alasiri.

Upepo wa leo umeamua kuhamishia mtaa wote wa Chechelesi ndani ya nyumba yetu. Nimefagia mara mbili, na hata sasa ninapoandika vumbi limeshatanda juu ya meza. Anga ni ya kijivu, ile kijivu ya uongo isiyoleta mvua. Sina raha. Watu husema mtu akiandika hupata nafuu, basi ngoja tuone.

Gari limeondoka.

Halikuondoka kwa magurudumu yake. Limeondoka mgongoni mwa lori, limefungwa kamba huku na huku kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Majirani walitoka kutazama. Siwalaumu, hata mimi ningetoka.

Ninyi mnaosoma hapa mnakumbuka mwezi uliopita nilivyowaringia kwamba nitakuwa mwalimu wa kwanza Isiolo kuendesha gari la umeme. Niliwaandikia hata rangi yake. Mdomo uliponza kichwa. Sasa nawaandikia yaliyobaki, na kama kuna anayetaka kucheka, acheke mapema kabla sijafika katikati.

Mama yangu ana figo zilizoshindwa kazi. Kila Jumanne na Ijumaa husafishwa damu kwa mashine kule Meru, maana ndiko alikopata nafasi na ndiko aliko daktari aliyemzoea. Mwaka wa pili sasa unaisha. Tunakodi gari la jirani, gari zuri tu, ila lina harufu ya dizeli ambayo hakuna kuosha kulikowahi kuiondoa, na harufu hiyo inamtapisha mama. Akienda anashikilia ndimu puani njia nzima. Akirudi hana nguvu hata za kushika ndimu, namshikia mimi.

Kwa hiyo wazo la gari la umeme halikuwa la kuringa, hata kama niliringa. Gari lisilo na moshi wala mtetemo, lenye kiti cha nyuma cha kutosha mtu kujinyoosha, na buti la kuwekea mto, blanketi na beseni. Juu ya paa kuna sola aliyotuachia Baba, na jua, alhamdulillah, Isiolo hatulinunui. Nilimwona mama akilala hadi Meru na kuamka huko. Niliiona picha hiyo waziwazi hata nikasahau kwamba ni ya kichwani mwangu tu.

Nilisoma. Wallahi nilisoma. Wiki tatu mfululizo, nikitoka shule nafungua simu. Nafundisha hisabati, sipendi kununua kitu nisichokielewa. Nikajifunza kwamba gari la umeme lililotumika halina mengi ya kuharibika isipokuwa betri, na betri ndiyo gari lenyewe. Kwamba betri huzeeka kwa joto, na sisi tunaishi wapi? Kwamba pale mbele ya dereva, kando ya vipau vya chaji, kuna vipau vidogo vinavyoonyesha uhai wa betri uliobaki, na hivyo vikiwa vimejaa mtu hufurahi. Na kwamba kuna wajanja wanaojua kufuta kumbukumbu ya betri, gari likasahau umri wake, vipau vikajaa upya kwa wiki kadhaa hadi ukweli urudi.

Nilijua hayo yote. Hapo ndipo panaponiuma.

Niliandika maswali kumi na saba kwenye simu. La kwanza lilikuwa la betri. Mengine yalikuwa kuhusu ajali, matairi, nyaya za kuchajia, karatasi za forodha, na kama limewahi kulowa maji. Nilijiona mtu makini sana.

Mwenye gari alikuwa Abti Yusuf. Kwetu abti ni mjomba, na ingawa yeye ni binamu tu wa mama, hakuna aliyewahi kumwita kwa jina jingine. Anakaa Timau, ananunua magari na kuuza. Baba alipofariki yeye ndiye aliyeshinda makaburini, kisha akakaa na sisi siku zote za matanga hadi mgeni wa mwisho akaondoka. Mtu kama huyo ukimpa mkono huna haja ya kuhesabu vidole vyako.

Akalileta Jumapili. Limetakata, jeupe, kimya kabisa; lilifika langoni tukiwa hatujasikia kitu. Mdogo wangu Liban, ambaye anaendesha lori la mifugo na ambaye kwa kawaida hashangazwi na gari lolote, aliinama dirishani akatazama chaji.

"Abti, umetoka Timau na ngapi?"

"Saba," akasema Abti.

"Hapa iko nane!"

Yaani gari lilikuwa limesafiri na kufika na chaji zaidi ya ile lililoanza nayo. Liban akapiga kofi mlango kwa furaha. Jirani akasema teknolojia ni kitu kingine. Mimi nikaeleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba gari la umeme likiteremka magurudumu yanalirudishia chaji. Nikaeleza vizuri, na mfano nikatoa. Na baada ya kueleza hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, sikujiuliza lolote.

Sisi ni watoto wa dereva. Baba aliendesha lori njia ya Moyale wakati ile njia ni mawe matupu. Alikuwa akisema gari la kununua ulipeleke mlimani kwanza, uongo wote huisha hapo. Na kutoka Timau hadi Isiolo ni mteremko mwanzo hadi mwisho. Kuku akikalishwa kwenye toroli kule juu atafika hapa salama. Hakuna mtoto wa Baba asiyelijua hilo. Tulisimama pale watoto wake wawili, tukashangilia gari lililoshuka.

Tukaingia ndani kunywa chai. Simu yangu ilikuwa mkononi, maswali yote kumi na saba yako wazi. Abti alikuwa amekaa alipokuwa akikaa Baba. Mama alikuwa amejilaza kwenye godoro lake pembeni, anamuuliza habari za wanawe mmoja mmoja kwa majina. Nikaona haya. Utamwambiaje mtu aliyemzika baba yako kwamba unataka kuona karatasi za forodha? Nikasema angalau hilo la kwanza.

"Abti, betri yake iko aje?"

Alikoroga chai, akaweka kijiko chini.

"Alhamdulillah," akasema.

Liban akaitikia alhamdulillah. Mama naye, kutoka pembeni, alhamdulillah. Nami pia.

Nikaandika mbele ya swali la kwanza: sawa.

Yale mengine kumi na sita hayajaulizwa mpaka leo. Bei walipatana Liban na Abti kwa njia ya wazee wa mnadani, wameshikana mikono chini ya kikoi, wanabonyezana vidole, hakuna anayetaja kitu kwa mdomo. Abti akasema kaeni nalo wiki nzima, mkiridhika ndipo mlipe na tuandikiane. Watu wa heshima. Nilijivunia familia yangu siku hiyo.

Nilikuwa nimetaka tumwite Kirimi, fundi wa umeme wa magari aliye karibu na stendi, aje apime Abti akiwa bado yupo. Liban alinivuta jikoni.

"Utaleta fundi apime gari ya Abti mbele ya Abti? Si afadhali umpime Abti mwenyewe presha?"

Tukacheka wote wawili. Sikumwita.

Kirimi alikuja Jumatatu. Ana kidude anachochomeka chini ya usukani, kinasoma betri na kuonyesha kwenye simu yake. Alikaa muda mrefu, akawa anajikuna shingo.

"Madam, hapa inasema iko fiti," akaniambia. "Lakini imekuwa fiti sana. Gari ya miaka hizi haiwezi kuonyesha ni kama imezaliwa jana. Hii mimi naisoma ikiwa imesimama, na ikiwa imesimama kila mtu ni mzima. Ngoja Jumatano tuipandishe, nikiwa ndani."

Jumatano. Na kliniki ya mama ni Jumanne.

Ningeweza kumpeleka mama Jumanne kwa gari la jirani kama kawaida, tungoje siku moja tu. Siku moja. Lakini nilikuwa nimeshamwahidi safari isiyo na harufu, na nilikuwa nimeshajiahidi mimi pia. Nikajiambia kwamba tukifika Meru salama itakuwa ndiyo majaribio yenyewe, Kirimi atapunguziwa kazi. Kwa lugha nyingine, nilimchukua mama yangu mgonjwa nikamfanya mzigo wa kupimia gari.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma tena. Naiacha.

Jumanne tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, chaji imejaa pomoni. Liban usukanini, mimi mbele, mama nyuma na mito yake. Ndimu aliitoa kwenye mkoba, akainusa mazoea tu, akairudisha.

"Hii gari haina moshi hata kidogo?" akauliza. "Sasa inakula nini?"

"Inakula jua, Hooyo," Liban akamjibu mama.

"Basi haitalala njaa Isiolo."

Alijinyoosha, akafunga macho. Tulikuwa tumeanza kuacha joto nyuma. Kwa muda wa kama robo saa nilikuwa na furaha kamili, ile ya kifuani. Naiandika hapa kwa sababu nisipoiandika nitakuja kudhani haikuwapo.

Kisha mlima ukaanza kweli. Chaji ikashuka kipau kimoja, hilo tulilitarajia. Kikaondoka cha pili. Halafu viwili kwa pamoja. Liban alizima kipoza hewa bila kuniangalia. Nami sikumwangalia. Nilikuwa nahesabu kilomita zilizobaki hadi Subuiga, pale njia ya Meru inapoachana na ya Timau, nikigawanya kwa vipau vilivyobaki, na kila nikimaliza hesabu, vipau vilikuwa vimeshabadilika. Hesabu zangu za miaka yote ya ualimu hazikuweza kulifikia gari hilo.

Mbele ya usukani kikawaka kikobe cha rangi ya manjano. Kobe kabisa, na gamba lake. Hiyo ndiyo alama ya kwamba gari limeishiwa nguvu. Likaanza kutambaa, malori yakatupita yakipiga honi, na karibu na pale mashamba ya ngano yanapoanzia likasimama. Gari la mafuta likifa angalau hukohoa. Hili lilinyamaza tu.

"Tumefika?" mama akauliza.

"Bado kidogo, Hooyo."

Aliinuka, akachungulia mbele kati ya viti vyetu.

"Hiyo ni nini inawaka?"

Liban akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kobe.

"Kobe?" Mama alicheka hadi shali ikamwanguka. "Mmenibeba kwa kobe!"

Sikumbuki mara ya mwisho nilimsikia akicheka vile. Sisi hatukucheka. Liban alikuwa ameshashuka, amesimama katikati ya barabara akipungia kila gari.

Kule juu kuna baridi ambayo mtu wa Isiolo hana nguo yake. Nilihamia nyuma, nikamfunika blanketi na kuishika miguu yake, ambayo siku za kliniki huwa imevimba. Nikamuuliza, kwa mazoea kabisa, huku macho yangu yako barabarani:

"Hooyo, uko aje?"

"Nimechoka, Hodan."

Niligeuka.

Mama yangu nimemuuliza swali hilo kila siku ya maisha yangu. Nilimuuliza siku tuliyomzika Baba. Nilimuuliza siku daktari alipomweleza habari za figo, tukiwa bado tumekaa mbele ya meza ya daktari. Nilimuuliza asubuhi ya kila Jumanne na jioni ya kila Ijumaa. Jibu lake lilikuwa moja daima, na nililichukua kila mara nikaenda nalo kazini nikiwa nimetulia. Alhamdulillah, amesema alhamdulillah, basi yuko sawa.

Hata mtoto wa madrasa anajua kwamba neno hilo ni la kumshukuru Mungu katika kila hali. Halielezi ni hali gani. Ukiwa na harusi utalisema, ukiwa na jeneza utalisema, na mara zote mbili utakuwa umesema kweli. Mimi ndiye niliyeligeuza kipimo. Nilimuuliza Abti kuhusu betri, akamshukuru Mungu, nikaandika sawa. Nilimuuliza mama kuhusu mwili wake, akamshukuru Mungu, miaka miwili, nikaandika sawa. Hakuna aliyenidanganya. Nilipenda tu jibu lisilonipa kazi.

Walitusaidia mzee mmoja na mkewe waliokuwa wanapeleka viazi Meru. Mkewe alihamia nyuma juu ya magunia ili mama akae mbele, na hata jina lake sikuuliza. Pikapu ilinuka dizeli. Mama alitapika mara mbili kwenye beseni, na mzee alipunguza mwendo kila mara bila kuambiwa.

Tulifika mashine ya mama ikiwa imeshapewa mtu mwingine, kama inavyopasa. Tulingoja hadi mchana ndipo akapata saa mbili za mashine badala ya nne. Muuguzi hakutugombeza. Alituuliza tu kama gari liliharibika, na mimi nikasema ndiyo, kana kwamba kuharibika huko kulishuka kutoka mbinguni.

Nikiwa nimekaa kando ya mashine, simu ikalia. Liban alikuwa amebaki na gari, watu wakamsaidia kuligeuza, akaliachilia mteremkoni. Alinitumia picha ya vipau. Chini yake ameandika: "Imefika nyumbani na chaji tano!!"

Alama mbili za mshangao. Nilizitazama muda mrefu. Nikageukia ukutani ili mama asinione uso.

Jana Kirimi alilipandisha na Liban hadi kilima cha kwanza tu na kurudi, kidude kikiwa kimechomekwa njia nzima. Alinionyesha kwenye simu: ndani ya betri kuna seli nyingi ndogo, na gari likipanda, baadhi yake zinaanguka kabisa huku nyingine zikivutana kulibeba. Kumbukumbu ilikuwa imefutwa, hilo hakuwa na shaka nalo.

"Madam, hii gari ni ya kushuka," akasema. "Kama mngekuwa mnaishi Timau na kazi yenu ni kuja Isiolo peke yake, ingewafaa sana. Shida ni kurudi."

Alisema bila mzaha. Nilimpigia Abti, nikamwambia tu kwamba gari halijatufaa.

Na leo asubuhi Abti akaja na lori.

Hilo lori limenikaa kooni siku nzima. Hakuuliza limekuwaje, hakuomba ufunguo ajaribu, hakusema ngoja nilipandishe mwenyewe nione. Alikuja moja kwa moja na lori la kubebea, na kamba tayari. Mtu asiyejua ugonjwa wa gari lake haji na machela.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia habari za viazi, beseni, na saa mbili badala ya nne. Akanitangulia.

"Mimi nilisema alhamdulillah, Hodan," akasema, anaangalia kamba. "Sikusema mpya."

Nilifungua mdomo. Lakini mama alikuwa ameshatoka, ameshikilia ukuta, amekuja kumsalimu.

"Yusuf, salaam aleikum. Watoto wako hawajambo? Na yule mdogo, kikohozi kilipona?"

Abti alijibu akitazama viatu vyake. Anasema alilinunua hivyo hivyo na vipau vimejaa, naye alidanganywa kama sisi. Huenda. Sehemu ya moyo wangu inataka kumwamini, kwa ajili ya zile siku za matanga. Hakukubali kuingia kunywa chai, nami sikumsihi mara ya pili. Kwetu mgeni husihiwa mara tatu. Nadhani alihesabu.

Liban ameshaanza kutafuta lingine. Tangu saa sita ananitumia picha: kuna moja Nairobi, la daktari mwanamke, halijawahi kuishi kwenye joto, kuna jingine Nakuru. Safari hii tutalipima, anasema, tutalipandisha hadi lilie. Namwelewa. Anaumwa na kile kinachoniuma mimi, na yeye dawa yake ni kutafuta gari.

Baada ya Adhuhuri nilimpaka mama mafuta miguuni. Upepo ulikuwa unavuma, mabati yanalia. Nilikuwa nimelibeba swali tangu Jumanne na nikaona nikichelewa tena nitapata sababu ya kutouliza kabisa.

"Hooyo, ulisema umechoka. Umechoka na njia, ama umechoka na mashine?"

 Alikuwa anatazama mlangoni, pale gari lilipokuwa limesimama.

"Hiyo gari ingine mtaipata," akasema. "Itakuwa nzuri. Itanipeleka wapi?"

"Meru."

"Na wapi tena?"

 Mkono wangu ulisimama juu ya kifundo cha mguu wake.

Hapakuwa na kwingine.

Maswali kumi na saba, wiki tatu, fundi na kidude chake, na katika yote hayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kwamba gari la familia linaweza kumpeleka mama mahali anakotaka yeye. Tulimpangia njia moja, kwenda na kurudi.

"Nataka kuona Batula," akasema.

Batula ni mdogo wake, habaryar wetu, yaani mama mdogo. Ameolewa Oldonyiro, ana duka karibu na soko la mifugo. Tangu mama aanze mashine hawajaonana. Kila Habaryar akitaka kuja tunamwambia angoje dada yake apate nguvu kidogo. Tumemwambia hivyo mwaka mzima na zaidi. Wamebaki kusikilizana kwa simu, na mtandao wa kule ukikatika mama huendelea kushika simu sikioni dakika nzima.

Sikumuuliza kwa nini sasa. Lile swali langu hakulijibu, na pia amelijibu. Njia au mashine, bado sijui ni ipi, na naogopa kwamba siku nikijua nitatamani ningekuwa sijui. Lakini leo ameniambia anachokitaka, na hilo ndilo nililonalo.

Kesho ni Ijumaa, tutapanda Meru kama kawaida. Jumamosi, akiamka vizuri, tutakwenda Oldonyiro. Kirimi ana pikapu yake kuukuu. Nilimuuliza kama itafika. Akafikiri kwanza, nikampenda kwa kufikiri kwake. Akasema: "Itafika. Lakini itawatikisa, na lazima tusimame mara nyingi." Nikamwambia hilo jibu linanitosha.

Mama amenikataza kumwambia Batula tunakwenda, asije akajisumbua kupika na kutandika. Nimetoka nje nikampigia. Nataka ajisumbue.

Habaryar alipiga vigelegele hadi nikasogeza simu mbali. Kisha akauliza dada yake anaendeleaje, na mimi nikamweleza yote kama yalivyo: uvimbe, kutapika, saa mbili, na lile neno lake la nimechoka. 

Halafu akauliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo. Alisema ngamia wake amezaa, maziwa yapo, na dada yake Fatuma anayapenda tangu utoto wao. Je, ampe kiasi gani?

Daktari amempimia mama vinywaji vyote, kikombe kidogo asubuhi na kidogo jioni, hata supu inahesabiwa, maana kinachozidi figo zake haziwezi kukitoa. Mlinzi wa kikombe hicho ni mimi. Miaka miwili nimeficha jagi juu ya kabati, nimemnyima maji mama yangu kwa mkono wangu huu, katika joto la Isiolo, akiniangalia.

Nikafungua mdomo niseme nusu kikombe. Nikasema, "Habaryar, mpe atakachoomba."